Faili la Ishirini na Saba

Ukiona hospitali imekupeleka kwenye chumba chenye viti laini na boksi la tishu katikati ya meza, jua hapo hakuna heri. Habari njema watu hupewa wakiwa wamesimama koridoni. Solène Kermarrec aliliona lile boksi kabla hajaketi. Mumewe, Gaëtan, fundi wa lifti, alikuja moja kwa moja kutoka kazini na viatu vyake vya kazi vyenye ncha za chuma, na hakuona kitu. Alivuta kiti, akaketi, akaweka mikono mapajani kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Daktari Thévenot alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, na hakupiga chenga. Binti yao Azélie, njiti wa wiki ishirini na tano, alizaliwa na gramu mia saba na kumi, na leo alikuwa na siku kumi na moja. Siku ya tatu damu ilivujia ubongoni, pande zote mbili. Kipimo cha umeme wa ubongo kimerudiwa mara tatu, na mara zote tatu mstari umekaribia kulala. Bila mashine hapumui vya kutosha kuishi, na hakuna dalili kwamba atakuja kupumua. Timu nzima imekaa, imejadili, na inaona kuendelea na mashine ni kumtesa mtoto bure. Waende nyumbani, wafikirie, warudi Ijumaa.

"Tufikirie nini?" Gaëtan aliuliza. "Mnatuomba ruhusa ya kumzima?"

"Sikuombi ruhusa, bwana. Mzigo wa kuamua ni wetu, sheria imetubebesha sisi. Ila siwezi kuubeba bila kujua ninyi wazazi mnaona nini mkimwangalia."

Gaëtan akasema yeye anaona mtoto anayekamata kidole. Jana tu alimpa kidole kupitia tundu la kisanduku cha joto, na mtoto alikikamata, akakibana. Daktari alieleza kwa upole kwamba kule kukamata kunatoka chini, kwenye uti wa mgongo, na kila mtoto huzaliwa nako hata ubongo ukiwa umeharibika. Gaëtan aligeuza uso ukutani. Yaani hata hicho kidogo wamemnyang'anya.

Solène alikuwa anafikiria mashine iliyowekwa utosini pa mwanawe siku mbili zilizopita, maana mashine ile ilitoka kwenye maabara yake mwenyewe.

Kazi ya maabara ile ilikuwa kusikiliza damu. Utosi wa mtoto mchanga haujafunga, kwa hiyo ni kama dirisha; unaweka juu yake kifaa cha ultrasaundi kidogo kama kiberiti, unampapasa mtoto kiganja kwa brashi laini, na mahali ubongo unapojibu, damu huongezeka. Mashine inarekodi. Solène hakugusa watoto. Yeye aligusa mafaili. Aliyafungua kwenye kompyuta, akapachika juu ya programu ya kutazamia kile kijiprogramu jalizi ambacho nusu yake alikiandika kwa mikono yake, akachuja mtikisiko wa pumzi, akatoa picha za rangi. Picha zile wakubwa walizipeleka kwenye mikutano ya Vienna na Boston. Jina lake yeye liliandikwa mwisho kabisa kwenye shukrani, baada ya kampuni iliyotoa jeli ya kupaka utosini, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita.

Azélie alipozaliwa katika hospitali ileile iliyokuwa kwenye utafiti, Profesa Delcambre alimwita Solène akamwambia waziwazi: mtoto wako anaweza kuingizwa mkitaka, lakini faili lake hutaligusa. Picha hizi bado ni za utafiti, hazijaruhusiwa kumpa mtu dawa wala kumnyima, na mzazi hasomi za mwanawe. Solène akasaini. Majina hayakuwemo kwenye mafaili, zilikuwemo namba tu. Lakini mama anayejua tarehe na saa aliyopimwa mwanawe, namba inamficha nini?

Walipofika kwenye maegesho, Gaëtan hakuwasha gari.

"Si unafanya kazi huko?" alisema. "Si ndiyo kazi yako kutazama hivyo vitu?"

"Nimesaini, Gaëtan."

"Na mimi nimesaini nini? Nimesaini azimwe?"

Akawasha gari. Wakarudi nyumbani Vitry.

Alhamisi asubuhi Solène aliingia maabara, mtu wa likizo ya uzazi, kidonda cha upasuaji bado kinamvuta kila akipanda ngazi. Aliwaambia wenzake amefuata karatasi za bima. Walimbusu mashavuni, wakamuuliza mtoto anaendeleaje kwa ile sauti ya watu wanaoomba usiwajibu kwa urefu, naye hakuwajibu kwa urefu. Kisha wakashuka kunywa kahawa, kama kila siku saa nne.

Lilikuwa faili la ishirini na saba. Mkono wake ulijua njia wenyewe. Akafungua, akachuja pumzi, akaweka alama za nyakati ambazo brashi iligusa kiganja cha kushoto, akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kwa dakika nzima. Halafu ubongo wa Azélie ukatokea kwenye skrini, mkubwa kama sahani, na upande wa kulia, palepale panapopaswa kujibu kiganja cha kushoto kikiguswa, palikuwa na doa jekundu lenye moyo wa manjano.

Solène alijiziba mdomo kwa kiganja. Madoa mengine yalikuwepo, huku na kule, hata pembeni kusikokuwa na ubongo wowote. Hayo hakuyaangalia. Aliangalia lile moja, akalikuza, akaligusa kwa ncha ya kidole kwenye kioo. Furaha ilimpanda kwa nguvu mpaka maziwa yakamtoka, yakalowesha blauzi. Alinakili faili kwenye kompyuta yake ya mkononi, akafunga kila kitu, akavaa koti juu ya ile blauzi mbichi na kutoka kabla wenzake hawajapanda.

Gaëtan alipoambiwa alikaa chini, sakafuni, pale jikoni, mgongo kwenye mlango wa friji. Alilia kwa kwikwi kama mtoto. Mama yake, Huguette, aliyekuja na treni kutoka Saint-Quentin na bakuli la mboga za endivi zilizofungwa kwa nyama, alijipiga ishara ya msalaba mara mbili, akasema yeye alijua, madaktari wa siku hizi wana haraka kuliko mabasi.

"Umeliona wewe mwenyewe, binti yangu?"

"Nimeliona, mama. Kwa macho yangu."

Basi. Mwenye macho haambiwi tazama. Kabla endivi hazijapoa, Huguette alikwisha piga simu kwa dada zake wote watatu. Mkwe wake, mwanasayansi, ameona ubongo wa mtoto unafanya kazi. Kufikia jioni hata jirani wa ghorofa ya pili, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kuwaambia zaidi ya bonjour, aligonga mlango kuwapa pole na hongera kwa pamoja.

Ijumaa walirudi chumba kile cha boksi la tishu. Safari hii Daktari Thévenot alikuwa na mwenzake, kijana mwembamba mwenye saa kubwa. Solène alieleza kwa ufasaha: kiganja cha kushoto, upande wa kulia, damu imeongezeka. Alitumia maneno ya kazini, na yule kijana akatabasamu kidogo.

"Mama, hapa wewe ni mama," alisema. "Hatukutegemei utusomee vipimo."

Solène alihisi masikio yanamwaka moto. Ndiyo, alikuwa mama. Pia alikuwa mtu ambaye huyo kijana angekwenda kwake siku moja, na tabasamu lilelile, kumwomba picha ya kuweka kwenye ripoti yake. Lakini aliyetaka kusema ni Gaëtan, na Gaëtan alikwisha simama.

"Mke wangu anasoma hivi vitu kila siku, mwaka wa tano huu. Anawasomea maprofesa. Amesema mtoto anasikia mkono ukiguswa. Sasa ninyi zimeni, halafu tutaonana mahakamani."

Daktari Thévenot alimgeukia Solène. Aliuliza kama Profesa Delcambre anajua. Solène akasema hajui. Daktari akasema picha ile haimwambii yeye kitu cha kuamulia, na vipimo vyake havijabadilika. Lakini hawezi kumzimia mtu mashine huku baba na mama wamesimama mlangoni wanasema hapana. Atawapa siku kumi. Katika siku hizo maji yanayojaa kichwani lazima yapunguzwe, kwa hiyo mtoto ataingia chumba cha upasuaji, na kutakuwa na sindano.

"Nataka mjue mnachokiomba," alisema.

"Tunajua," alisema Solène.

Hawakujua. Daktari wa upasuaji aliweka mrija kichwani. Siku ya pili mrija ukaziba, ukafunguliwa. Siku ya nne homa ikapanda, maambukizi yameingia, na dawa zikahitaji mshipa. Mishipa ya mtoto wa gramu mia saba haizidi uzi wa kushonea. Ya mikononi ilikwisha, ya miguuni ikaisha, wakahamia kichwani, na ili kuipata wakanyoa kile kinywele alichozaliwa nacho. Ghislaine, muuguzi wa zamu ya mchana, kila kabla ya sindano alimdondoshea mtoto tone la maji ya sukari mdomoni. Alifanya hivyo bila kuwatazama wazazi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye wodi hiyo, na uso wake haukusema kitu, na huko kutokusema kulitosha.

Solène alihesabu. Hakutaka kuhesabu, lakini kazi yake ilikuwa namba, na namba zilijiandika zenyewe kichwani. Kila saa tatu alikwenda kwenye chumba cha kukamulia maziwa, akakaa foleni na akina mama wengine, akatoka na chupa mbili zenye jina. Mtoto alikuwa anapewa mililita moja kwa mrija, na mara nyingi hata hiyo haikukaa. Siku ya tano msichana wa jiko la maziwa alimwambia friza limejaa, je, chupa za zamani azitupe au anataka kuzibeba nyumbani? Alimuuliza mbele za watu, kalamu mkononi. Solène akasema atazibeba.

Gaëtan yeye alikuwa mtu mwingine. Aliomba likizo isiyo na malipo, akanunua rangi, akapaka kile chumba kidogo cha stoo rangi ya mchaichai. Kila alasiri aliingiza mkono wake mkubwa kwenye tundu la kisanduku cha joto, akampapasa Azélie kiganja cha kushoto, taratibu, kama brashi. Na sindano ilipoingia, na kile kiuso kikajikunja bila sauti kwa sababu ya mrija kooni, aliinama akamnong'oneza: "Vumilia, mwanangu. Vumilia. Mama yako amekuona."

Solène alisikia hayo siku ya sita, akaona bora awe na kitu cha kushika. Siku kumi zilikuwa zinakwisha na uso wa Daktari Thévenot haujabadilika. Akaamua kutengeneza picha moja ya kumaliza ubishi: upande mmoja Azélie, upande wa pili mtoto mwingine wa umri uleule, mzima, yule wa faili la kumi na tisa, ambaye sasa alikwisha rudi nyumbani kwao. Wakiona madoa mawili yamefanana, hata yule kijana wa saa kubwa atameza tabasamu lake.

Alirudi maabara asubuhi ya siku ya saba, saa ileile ya kahawa. Akayafungua mafaili mawili kwa pamoja. Kushoto doa jekundu, kulia doa jekundu, yote mawili yanang'aa. Alitaka kushangilia. Ilibaki kitu kidogo tu, cha kupendeza macho ya wakubwa: picha mbili zinazowekwa pamoja huwekewa kipimo kimoja cha rangi. Ni mbofyo mmoja. Akabofya.

La kumi na tisa halikubadilika. La ishirini na saba likawa jeusi.

Alidhani programu imeganda. Akatengua, likawaka. Akabofya tena, likazimika. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya nne mikono ilikwisha elewa. Programu ile ina tabia moja. Ukiifungulia faili, inajipangia mwangaza yenyewe: kilicho hafifu kuliko vyote inakipaka weusi, kilicho na nguvu kuliko vyote inakiwasha, hata kama hicho chenye nguvu ni mnong'ono tu. Ipe kelele tupu za mashine, itakuwashia kelele. Ndiyo maana kila mgeni wa maabara hufundishwa siku ya kwanza kwamba kabla hujalinganisha, funga kipimo. Mwalimu wa somo hilo, miaka mitano sasa, alikuwa Solène. Aliwapigia wanafunzi kelele juu ya jambo hilo. Aliwaandikia kwenye karatasi ya manjano na kuibandika ukutani, na karatasi ilikuwa pale, juu ya skrini, inamtazama. Mganga hajigangi.

Akasoma namba. Nguvu ya Azélie haikufika sehemu moja ya kumi ya yule mwingine. Tena ilikuwa sawa brashi ikigusa na isipogusa. Lile doa halikujibu kitu. Lilitokea mahali alipotaka yeye, kama vile mengine yalivyotokea mahali asipopataka.

Mfa maji haishi kutapatapa. Labda jeli ilikuwa kidogo. Labda kifaa kilikaa upande. Akafungua picha mbichi, ile isiyochujwa, akaona mishipa mikubwa ya utando wa nje imetokea wazi, mizuri kabisa. Mashine ilikuwa imesikia vizuri. Ndani ndiko kulikokuwa kimya.

Alikwenda chooni, akakaa juu ya kifuniko, akauma kitambaa cha shingoni ili asisikike. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi: hesabu ya sindano, ikiendelea yenyewe.

Siku mbili hakumwambia mtu. Hapo hakuna wa kumtetea. Alikaa karibu na kisanduku cha joto, akaona wanatafuta mshipa mwingine, akanyamaza. Kila alipofungua mdomo alimwona Gaëtan anapapasa kile kiganja. Sindano tano ziliingia katika siku hizo mbili, na hizo tano ndizo alizojua ni zake peke yake.

Jumapili Huguette alikwenda misa. Gaëtan alikuwa anachemsha pasta, akipiga mluzi. Solène akaweka kompyuta juu ya meza ya jikoni, katikati ya mkate na siagi, akamwambia azime jiko.

"Ndiyo hiyo?" Gaëtan alisema, akifuta mikono kwenye suruali. Hakuwahi kuiona. Aliinama, na uso ukamkunjuka. "Ndiyo hilo doa?"

"Keti."

"Dogo. Lakini linang'aa, eh?"

"Gaëtan, nilikosea."

Alimweleza. Alieleza vibaya, akarudia, akasema ni kama vile redio isiyoshika stesheni, ukiifungulia sauti mpaka mwisho inakujazia nyumba kwa mikwaruzo, na mtu mwenye hamu atasikia humo jina lake. Gaëtan alikuwa anatikisa kichwa kwamba haelewi, ingawa alikuwa ameanza kuelewa. Basi Solène akaacha maneno. Akamwekea picha ya mtoto mwingine pembeni, akamwonyesha mahali pa kubofya, akabofya. Ubongo wa Azélie ukazimika mbele ya baba yake.

Gaëtan alitazama lile jeusi kwa muda.

"Irudishe ilivyokuwa," alisema.

"Gaëtan, si kweli ile."

"Nimesema irudishe."

Akairudisha. Doa likawaka. Gaëtan alivuta kiti mpaka karibu, akaweka viwiko mezani, akaiangalia ile nyekundu na moyo wake wa manjano kama mtu anayeota moto. Aliiangalia mpaka maji ya pasta yakapoa. Alipozungumza hakumgeukia mkewe.

"Sindano ngapi?"

Solène angeweza kusema hajui.

"Arobaini na moja."

Gaëtan aliinuka, akamwaga pasta kwenye sinki, akaosha sufuria, akaikausha, akaitundika. Kisha akatoka. Solène alimsikia anashuka kwa ngazi ghorofa zote sita, yeye fundi wa lifti.

Jumatatu Solène alikwenda peke yake kwa Daktari Thévenot, akamwambia yote, koridoni, wamesimama. Alisema yeye mwenyewe atampigia Profesa Delcambre simu. Alipiga mchana huohuo. Profesa alisikiliza, akasema pole sana, kisha akasema kuhusu mkataba wa mwezi wa sita atakuwa ameelewa mwenyewe. Daktari hakumkaripia. Alisema zile siku kumi alizisaini yeye, si Solène, na akamshika bega. Solène angependa zaidi angekaripiwa.

Iliamuliwa iwe Jumanne mchana. Gaëtan alikuja. Alikuwa amelala kwa rafiki yake wa kazini siku mbili, ndevu zimeota, na hakumsalimu mkewe, lakini alikuja na shati safi. Huguette alikaa koridoni na mkoba wake magotini. Alikuwa amezeeka ghafla. Dada zake watatu walikuwa wanapiga simu na yeye hapokei.

"Mimi sielewi," aliwaambia, sauti ndogo. "Si ulisema umeona, binti yangu? Mimi niliwaambia watu wote umeona."

Gaëtan ndiye aliyejibu, akitazama sakafu.

"Mimi ndiye niliyemtuma, mama. Alikuwa hataki. Acha."

Ndani, pazia lilikuwa limevutwa, na Ghislaine alikuwa ameweka kiti cha kuegemea karibu na kisanduku cha joto. Aliuliza ni nani atakayemshika mtoto, ngozi kwa ngozi, kama inavyofanywa. Solène alirudi nyuma hatua moja. Aliona hana haki. Alisema baba yake, baba yake ndiye aliyekuwa naye siku zote.

Gaëtan alikwisha anza kufungua vifungo vya shati. Akasita. Akavifunga tena, kimoja kimoja, kwa vile vidole vinene.

"Mshike wewe," alisema. "Mimi nimekaa siku kumi namwambia avumilie. Sina cha kumwambia tena."

Akamshika mkewe kiwiko, akamketisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu Jumapili. Ghislaine akaleta mtoto, mwepesi hata nguo zina uzito zaidi, akamlaza kwenye kifua cha Solène na kumfunika blanketi. Daktari Thévenot akaondoa plasta mdomoni polepole, kisha mrija. Kwa mara ya kwanza wakauona uso mzima wa Azélie. Alikuwa na mdomo wa Huguette.

Juu ya vichwa vyao kulikuwa na skrini yenye mistari mitatu ya rangi. Ghislaine alinyoosha mkono, akaizima.

"Usiizime," Solène alisema. "Nitajuaje?"

"Utajua."

Akakaa. Hakuwa na kitu cha kusoma. Kulikuwa na joto kidogo, chini ya kidevu chake, na pumzi zinazokuja na kukawia, zikija na kukawia zaidi. Gaëtan alipiga magoti kwenye sakafu na viatu vyake vya chuma, akaweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto, kikaufunika wote. Nje, koridoni, gari la chakula lilipita na vyombo vyake.

Saa tisa na dakika kumi Solène alisema, "Amekwenda."

Daktari alichuchumaa, akaweka kipimo chake pale kwenye ubavu, akasikiliza dakika nzima. Kisha akatazama saa yake, akaandika tisa na dakika kumi.